Risasi ya Hamsini

Verla Stenerud na mumewe Orrin waliishi pamoja miaka hamsini na miwili, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa mpini. Mashine ya kushindilia risasi, ya kutia baruti na kichwa kwenye ganda tupu, ilikuwa imekazwa kwa bolti kwenye meza ya bandani, na mpini wake mrefu. Verla akimaliza kazi aliuacha mpini juu. Orrin akimaliza aliuacha chini. Mume alisema mpini ukiwa juu unamgonga mtu usoni. Mke alisema ukiwa chini unamchoma mtu goti. Hawakupatana juu ya jambo hilo mpaka mchana ule wa Februari, Verla alipokwenda kumwita Orrin chakulani akamkuta ameinamia meza, paji la uso juu ya mkono wa kushoto, na mkono wa kulia bado umeshika. Mpini ulikuwa chini.

Ndani ya mashine kulikuwa na ganda, na kichwa cha risasi kimeingia nusu tu. Kando yake kulikuwa na sanduku la mbao lenye matundu hamsini. Arobaini na tisa yana risasi, la mwisho tupu. Verla alilihesabu kabla hajamwita mtu yeyote. Hakujua kwa nini. Mikono ilitaka kufanya kitu.

Kule Kipp Coulee, Montana, kanisa ni kanisa, lakini watu wa klabu ya rivolva za zamani wana mazishi yao wenyewe, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, theluji ikishaanza kuoza. Sanduku la mwisho aliloshindilia marehemu huachwa pale pale alipoliacha, halisogezwi wala halipanguswi vumbi. Siku hiyo hupelekwa uwanja wa shabaha, likapigwa lote kwa rivolva yake mwenyewe, wakipokezana, na rafiki yake wa karibu ndiye anayeanza. Kama halikujaa, hupigwa zilizomo. Mtu hamjazii maiti sanduku lake. Hilo hata walevi wa pale wanalijua.

Verla hakuzaliwa kwenye baruti. Alizaliwa kwenye shamba la bitiruti za sukari, akatolewa shule akiwa na miaka kumi na mmoja kwa sababu mikono ilihitajika shambani. Kusoma alisoma kwa shida, kuandika ndiyo kabisa. Akaja kuolewa na Orrin, fundi wa reli, kijana mpole mwenye masikio makubwa, na kabla ya pete kijana huyo alimpa kitu kingine akishike: rivolva iliyotengenezwa mwaka 1884, ambayo babu yake alibadilishana na farasi kipofu.

"Silinda ina matundu sita," Orrin alimwambia siku ile. "Unatia tano."

"Na la sita?"

"Hilo ni la mgeni."

Maana yake ni kwamba kinyundo cha bastola hizo hulala juu ya tundu, na chini yake pakiwa na risasi, bastola ikidondoka tu inalipuka. Kwa hiyo moja huachwa tupu. Verla alilielewa hilo mara moja. Lakini neno lenyewe, la mgeni, halikumtoka. Miaka yote alipokuwa akigeuza silinda na kulifikia lile tundu tupu, alihisi kama amefungua mlango wa chumba ambacho kitanda kimetandikwa na hakuna mtu.

Barua ilimshinda, lakini mizani aliisoma kuliko padri anavyosoma misale. Alikwenda kwenye karakana ya matairi ya Arlo Tvedt kuokota vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu, akaviyeyusha uani, akamimina vichwa kwenye kalibu, akavipaka nta na mafuta. Alipiga shabaha pia. Mwaka wa sabini na tisa aliwashinda wanaume wote wa wilaya, Arlo akiwa wa pili, akapewa zawadi ya bizimu ya kufungia mkanda, kubwa kama kisosi. Aliivaa tangu siku hiyo. Aliivaa hata kanisani, hata siku ya kumzaa binti yake Marit, ilipobidi aivulie mlangoni.

Nyumba yao ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa: mkebe mmoja wa baruti mezani, haiwi miwili. Chuma cha zile rivolva za kale ni laini. Kinakula baruti nyeusi tu, ile ya moshi mweupe, inayojaza ganda mpaka juu na kusukuma taratibu. Baruti ya kijivu, ya kisasa, isiyo na moshi, Orrin aliiweka kwa ajili ya bastola mpya ya Verla, na hiyo hutiwa kidogo tu chini ya ganda. Mtu akikosea mkebe, akajaza ganda zima baruti ya kijivu kama anavyojaza nyeusi, silinda inapasuka kama boga lililodondoka darini. Kulikuwa na mtu ng'ambo ya mto aliyekosea hivyo. Kidole gumba chake walikiokota kwenye ukosi wa jirani yake.

Basi mwezi wa Machi, saa tisa alasiri, Verla alikuwa amekaa jikoni na kahawa yake. Upepo wa vuguvugu ulikuwa unashuka kutoka milimani, theluji inadondoka paani vipande vipande. Akasikia kutoka bandani.

Kriii. Tok.

Aliijua sauti hiyo kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Kriii ni mpini unaposhuka. Tok ni risasi inapodondoka kwenye kibati cha kupokelea. Alikaa. Akangojea ya pili. Haikuja. Akachukua ufagio akaenda.

Hapakuwa na mtu. Mpini ulikuwa chini.

"Nani ameushusha?" aliuliza, kwa sauti ya kumwuliza mtoto mtundu. Kisha akaupandisha juu, kwa nguvu kidogo, kwa sababu sasa banda ni lake na mpini utakaa anavyotaka yeye.

Kesho yake aliukuta chini. Kesho kutwa vilevile. Si kila siku alisikia sauti, lakini kila siku baada ya saa tisa mpini ulikuwa chini, na kila siku aliupandisha, na mwishowe akaanza kusema naye. "Hata ukifa hubadiliki," alisema. Hakuogopa sana. Kuishi na mtu miaka hamsini na miwili kunamzoesha mtu mengi.

Aliogopa ile Jumatatu ya mwisho kabla ya siku ya Orrin. Alilitupia macho sanduku, na lilikuwa limejaa. Hamsini. Lile tundu la mwisho lilikuwa na risasi kama wenzake, kitako cha shaba kinang'aa, fataki katikati kama jicho la samaki. Na sanduku lenyewe lilikuwa limegeuzwa, upande wa kulia umekuwa kushoto, na risasi mbili tatu zimelala juu ya meza kana kwamba mtu alizitoa kuzitazama. Alipozirudisha hakujua tena ipi ni ipi.

Alivaa koti akaendesha gari mpaka karakana ya Arlo. Arlo alikuwa amelala chini ya lori, miguu nje.

"Arlo, umeingia bandani kwangu?"

"Salamu kwanza, shemeji."

"Umeingia au hukuingia?"

"Na hii nyonga yangu? Mara ya mwisho nimeingia kwako ulinifukuza kwa ufagio."

"Ulikanyaga kitalu changu cha vitunguu."

"Mwaka wa sabini na tisa, Verla! Ulinishinda bastola asubuhi, ukanipiga ufagio jioni. Siku mbaya kuliko zote maishani mwangu, na nimeshazika wake wawili." Alijivuta nje, uso mweusi wa grisi. "Na hiyo bizimu bado unaitembeza. Siku moja utaanguka kifudifudi kwa uzito wake."

"Sanduku la Orrin limejaa."

Arlo aliacha kujipangusa mikono. "Limejaaje?"

"Lilikuwa arobaini na tisa. Sasa hamsini."

"Hukuhesabu vibaya?"

"Nikuhesabie meno, uone kama najua kuhesabu? Nane. Na mawili yanatikisika."

Arlo hakucheka. Alitazama nje, kule barabara inakoishia kwenye nyasi za manjano. "Orrin hakupenda kazi nusu," alisema polepole. Akaona uso wa Verla, akajutia neno lake. "Natania, shemeji."

"Hutanii," Verla alisema, akaondoka.

Mama yake, kule kwenye bitiruti, alikuwa na njia yake ya kujua kama anayeiba nafaka ghalani ni panya au mtu. Aliuchekecha unga wa ngano sakafuni, mwembamba kama umande, akafunga mlango. Verla alifanya hivyo Jumatano asubuhi. Alianzia mezani akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatikisa makubazi yake, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Saa nane na nusu alimimina kahawa, akakaa jikoni pale pale penye kiti chake, macho kwenye mlango wa banda ng'ambo ya ua. Hakutoka. Angeapa kwa Biblia kwamba hakutoka. Alisikia kriii, akasikia tok. Kisha akasikia saa ya ukutani ikigonga kumi, akanyoosha mkono kuchukua kahawa, na kahawa ilikuwa baridi, ina utando juu.

Alikwenda akafungua mlango.

Nyayo zilikuwa nzuri, zimechorwa wazi kama kwenye theluji mpya. Zilitoka mlangoni zikaenda mezani, zikasimama hapo kitambo, zikarudi. Zilikuwa ndogo. Wa kulia ulikanyaga sawasawa. Wa kushoto ulichora mstari nyuma yake, kama mkia wa mjusi, kwa sababu ulikuwa unaburutwa.

Verla aliutazama mguu wake wa kushoto, ambao ameuburuta tangu alipoanguka barafuni miaka sita nyuma.

Alivua kubazi akaligeuza. Mifereji ya chini ilikuwa imejaa unga.

Alisimama kwa mguu mmoja, ameshika mlango, kwa muda mrefu. Mzimu angeuzoea. Lakini kumbe alikuwa akiingia humo mwenyewe, anafanya kazi, anatoka, anarudi kukaa kwenye kiti, na hajui. Kumbe aliyekuwa akiushusha mpini kila siku kama Orrin ni mkono huu huu uliokuwa ukiupandisha. Alichukua aproni ya Orrin msumarini. Mfukoni mlikuwa na miwani yake mwenyewe, ile aliyoitafuta tangu Jumapili, akamlaumu paka.

Aliivaa. Ndipo alipoona vizuri kilichokuwa mezani, karibu na mizani. Mikebe miwili, wa nyeusi na wa kijivu. Yote miwili wazi, vifuniko vimelazwa kando, vimepangwa kwa adabu. Lile ganda la Orrin lenye kichwa nusu lilikuwa limetolewa mashinani, limelazwa pembeni, bado nusu.

Basi hapo ndipo palipokuwa na shida, na Verla aliiona yote kwa mara moja. Ndani ya sanduku la Orrin kulikuwa na risasi moja aliyoishindilia yeye bila akili yake, na hakujua kwa baruti ipi. Kwa macho zote ni moja. Alizipima, mizani haikumwambia kitu, maganda yalikuwa ya kila namna, hili zito, hili jepesi. Alizitikisa sikioni, zikanyamaza zote. Jumamosi Arlo angeishika ile rivolva, rafiki wa Orrin tangu wana miaka saba, angeipandisha mbele ya uso wake.

Angeweza kuzifungua zote nyumbani na kushindilia upya hamsini nzuri, nyeusi, asijue mtu. Alilifikiria hilo. Lakini zisingekuwa za Orrin tena, wangepiga uongo. Na kisha aliitazama mikono yake juu ya meza, yenye madoa, imetulia kabisa kama mikono ya mtu mwaminifu, akajua hawezi kuituma kazi hiyo.

Na kusema? Ijumaa Marit alipiga simu kutoka Billings.

"Mama, mke wa mchungaji ananiambia juzi uliacha jiko linawaka."

"Mke wa mchungaji aangalie jiko lake. Keki yake ya mazishi ilikuwa mkaa."

"Mama. Unasahau vitu."

"Nasahau vile nisivyovitaka."

"Nitakuja Mei tuzungumze. Hapa kwangu kuna chumba, kina dirisha, kinapata jua asubuhi."

"Chumba cha mgeni?"

"Chumba chako, mama. Siku nitakayosikia jambo moja tu zaidi, moja, nakuja na gari siku hiyo hiyo. Sikuachi huko peke yako na baruti."

Verla alikata simu bila kuaga. Kwa hiyo alijua bei. Akisema, nyumba imekwenda, banda limekwenda, na yeye atakaa dirishani Billings apate jua la asubuhi kama mche wa nyanya.

Jumamosi upepo ulikuwa mkali. Watu kumi na wawili walikuja uwanjani, kofia zimeshikwa kwa mkono, chupa za kahawa na sufuria ya maharage kwenye mkia wa lori, na mayai ya siki ambayo Clete Hruska huyaleta kila mara na hayaliwi na mtu. Clete alikuwa mnene, mwenye maneno mengi. Verla alikuja na rivolva kwenye kitambaa, sanduku chini ya kwapa, na mfuko. Arlo alikuwa amenyoa. Alinyoosha mkono.

"Nipe, shemeji. Tumuage mzee."

"Hazipigwi."

"Hazipigwi vipi?"

"Hazipigwi. Umeziba masikio mapema." Alitoa kwenye mfuko nyundo ya kung'olea, ile ya plastiki yenye kichwa kitupu. Risasi hutiwa ndani, nyundo ikagongwa kwenye gogo, na kichwa pamoja na baruti vikadondoka. "Clete, leta vile vikombe vyako vya karatasi. Hamsini."

"Mama Stenerud, tumekuja kupiga bastola, si kunywesha watu dawa," Clete alisema, na wengine wakacheka kidogo.

"Leta vikombe, kabla sijakupa mayai yako ule yote."

Aliletewa. Alipiga magoti mbele ya gogo, akakataa kushikwa mkono. Akagonga. Baruti nyeusi ikamiminika kwenye kikombe, chembe zake kali, zinang'aa kama makaa yaliyosagwa. Akagonga ya pili. Nyeusi. Ya tatu. Watu wa kazi hiyo hawahitaji kuelezwa maana ya mwanamke anayefungua sanduku la mumewe. Walisogea nyuma kidogo kila mmoja, bila kutazamana. Ilikuwa tok, tok, tok, na upepo, na vikombe vinaongezeka mstari kwa mstari juu ya ubao, kila kimoja na kijiwe ndani kisipeperushwe.

Ya thelathini na nane ilidondosha kijivu.

Vipande vidogo, bapa, kama takataka za penseli, vilijaa na kumwagika juu ya ukingo. Ganda zima lilikuwa limejaa hiyo. Arlo alipiga goti, akachota kwa ncha ya kidole, akainusa. Uso wake ulikuwa umekauka. Aliugusa kwa vidole vilevile, jicho moja, kisha jingine, kama anayehakikisha yapo.

"Maskini Orrin," Clete alisema kwa sauti ya chini. "Kichwa kilikuwa kimeshaondoka."

"Mzee wa watu," mwingine akasema. "Ndivyo wanavyokwenda. Na alivyokuwa makini."

"Mikebe miwili mezani. Orrin! Nani angeamini."

Walitikisa vichwa. Walikuwa na huruma ya kweli, na huruma hiyo ilikuwa inamfunika Orrin kama shuka. Verla alikuwa bado amepiga magoti. Hakuwa na la kufanya ila kunyamaza. Angenyamaza tu, wangemsaidia kusimama, wangempa maharage, angekwenda nyumbani kwake, na Marit angekuja Mei na maneno, na Mei kuna njia elfu za kumkwepa mtu. Jumamosi zote zijazo watu hawa wangesema, mzee Orrin, fundi sana, ila mwisho alitaka kumwua Arlo.

"Nyamazeni," alisema.

Walimgeukia.

"Sijamaliza." Akatia ya thelathini na tisa, akagonga. Nyeusi. Aliendelea mpaka ya hamsini, jasho linamtiririka katika upepo ule, na zote zilikuwa nyeusi. Kisha akatoa mizani kwenye mfuko, akaiweka juu ya kiti cha lori upepo usipofika. "Arlo. Pima."

"Nipime nini, shemeji?"

"Zile nyeusi. Kimoja kimoja. Soma kwa sauti, wasikie."

Arlo alitoa vijiwe, akapima. Cha kwanza, cha pili, cha tano. Alisoma namba ile ile. Cha kumi na mbili, namba ile ile. Kufikia cha ishirini alikuwa hasomi tena, anasema tu "hivyo hivyo," na baadaye hakusema, alitikisa kichwa tu, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. Vikombe arobaini na tisa, chembe haikupungua wala kuzidi.

"Hizo ndizo za Orrin," Verla alisema. "Alizishindilia asubuhi ile aliyokufa, na mshipa wa kichwa unapasuka. Ile ya kijivu ni yangu. Nimeitia mimi, siku mojawapo mwezi huu, na sijui ni siku gani. Nimeingia bandani na nimetoka na sikumbuki. Nilitia unga sakafuni nikakuta nyayo zangu." Aliwatazama mmoja mmoja mpaka kila mmoja akashusha macho. "Sasa mseme kichwa cha nani kimeondoka."

Clete alivua kofia.

Ile nyeusi yote waliimwaga kwenye jiwe bapa, lundo moja, na Arlo akatia moto kwa utambi mrefu. Haikulia kama bastola. Ilivuta pumzi tu, fuu, na moshi mweupe ukasimama. Upepo ulikuwa bado unavuma, unapeperusha mitandio na vikombe, lakini moshi ule ulisimama wima juu ya jiwe, urefu wa mtu, kwa muda ambao kila aliyekuwapo aliuona na hakutaka kuuzungumza. Kisha ukaenda.

Arlo alimrudisha nyumbani. Bandani alifungua bolti ya mpini kwa spana, akauchomoa, akaubeba begani mpaka kwenye lori lake. Mikebe pia akaibeba.

"Lazima nimpigie Marit," alisema, hamtazami.

"Najua. Usinieleze kama mtoto."

"Nilikuwa nikunje kidole tu kwenye kifyatuo, shemeji."

"Ungekunja. Nenda zako, grisi inadondoka sakafuni kwangu."

Marit alifika Jumapili adhuhuri, na gari tupu na masanduku mawili matupu ya kutilia nguo, akayaweka mlangoni. Hakugomba. Hilo lilimwumiza Verla kuliko kugomba. Alikuta mama yake anasukuma lefse, zile chapati nyembamba za viazi, mikono myeupe mpaka viwikoni, na bizimu ya mkanda imepigwa msasa inang'aa tumboni.

"Utakula kwanza," Verla alisema.

"Nitakula, mama. Kisha tutapanga nguo."

Walikaa wakitazamana mezani. Siagi, jemu ya cheri za mwituni, kahawa. Marit alizungumza juu ya dirisha la jua. Verla alikuwa ameweka mikono yake yote miwili juu ya meza, vidole wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha karata. Saa ya ukutani ikagonga tisa.

Kriii.

Marit aliacha kutafuna.

Tok.

Alitazama dirishani, ng'ambo ya ua, mlango wa banda uliofungwa kwa kufuli. Alitazama barabarani, ambako lori la Arlo halikuwapo, na mpini ulikuwa ndani ya lori hilo, mjini. Mwishowe aliitazama mikono ya mama yake, ambayo haikuwa imesogea, yenye unga, juu ya meza, mbele yake.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita. "Nani yuko bandani?"

Verla hakugeuza kichwa. Alichukua lefse, akaipaka siagi mpaka pembeni, akaikunja mara nne kama Orrin alivyopenda, akaiweka kwenye kisahani cha pembeni.

"Kaa, kula," alisema. "Mwache amalize. Imembakia moja tu."